MREJESHO: DX yangu imepata 4A-GE

Wadau, niliuliza hapa kama Corolla DX ya 1982 (KE70) iliyochoka 4K, injini yake ya asili, inaweza kubeba 4A-GE, injini ya Toyota AE86. Inabeba, na sasa inatembea Nakuru.

Injini yenyewe ndiyo ilikuwa rahisi, maana magari yote mawili yanasukumwa na magurudumu ya nyuma, na giaboksi ya T50 niliinunua pamoja nayo. Kilichonitoa jasho ni mafuta. 4K ni ya kabureta, pampu yake haina presha kubwa. 4A-GE ni ya injeksheni, inataka mafuta yaje kwa presha. Ilibidi pampu ya umeme, paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, na waya zote za kompyuta upya. Fundi wa waya alilipwa kuliko wa injini, na alistahili!

Aliyenishauri nichukue 4A-GE ya AE92, Corolla ya magurudumu ya mbele, kwa sababu ni rahisi kupata: ile hulala kiubavu kwenye gari lake, na ukiigeuza ikae kwa urefu kama ya DX, mdomo wake wa maji unagombana na ukuta kati ya injini na kabini.

Kupanda Mau Summit sasa napita malori bila kuomba dua. Breki za mbele nimeweka kubwa. Namba ya injini kwenye logibuku bado inashughulikiwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya.