Tupeane uzoefu: kutafsiri tamthilia za Kikorea za mapenzi na mizuka kwa Kiswahili

Mwanzisha mada
Salaam wanajamvi. Humu kuna watafsiri wengi wa tamthilia za Kikorea, wa manukuu ya chini na wa kuingiza sauti. Uzi huu ni wa zile za mapenzi na vichekesho zenye mizuka tu: Oh My Ghost (kituo cha tvN, 2015, vipande 16), Master's Sun (kituo cha SBS, 2013, vipande 17), Hotel del Luna (tvN, 2019, vipande 16) na ndugu zake. Mzuka akitafsiriwa vibaya, kichekesho kinageuka kitisho na mapenzi hayaeleweki. Wekeni mbinu na sababu zake.

Fundi wa Maneno
Tuanze na neno lenyewe, hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Gwisin wa Kikorea ni mtu aliyekufa akabaki duniani kwa sababu kuna jambo lake halijaisha. Usimwite jini, maana jini hakuwahi kuwa mtu. Mzimu unakaribia, ila kwetu mzimu ni wa ukoo na hutambikiwa. Msomaji atatafuta ukoo asiuone. "Mzuka" linatosha. Upatanisho uwe wa mtu: mzuka anacheka, mzuka ana wivu. Ukiandika "mzuka unacheka" umemgeuza Shin Soon-ae, mzuka wa Oh My Ghost, kuwa kitu, na yule binti ana baba anayemlilia mgahawani.

Neno "pepo mbaya" liwekeni akiba kwa akgwi, yaani mzuka aliyegeuka mwovu. Ndani ya Oh My Ghost, mzuka akizidisha miaka 3 duniani anageuka akgwi, na ndiyo saa inayomkimbiza Soon-ae hadithi nzima. Mtafsiri akiita wote "pepo" tangu kipande cha 1, hiyo saa imekufa.

Halafu "han" au "wonhan". Naona watu wanaandika "kisasi". Hapana! Kisasi ni kitendo. Wonhan ni kinachokwama moyoni: kinyongo, na mahali pengine dukuduku. Soon-ae anaamini dukuduku lake ni kufa kabla ya kulala na mwanamume, kumbe jambo lenyewe limelala kwenye kifo chake. "Dukuduku" linabeba maana zote mbili bila kuvujisha siri.

Binti Pwani
Naongezea hapo, ndugu Fundi. Kwenye kupagawa tusihangaike, Kiswahili cha pwani kina msamiati kamili. Pepo hupanda kichwani, na anayepandwa huitwa kiti. Na Bong-sun, yule msaidizi wa jikoni anayeona mizuka kwa kurithi damu ya bibi yake mganga, ni kiti. Kwa hiyo "Soon-ae amempanda Bong-sun" inaeleweka haraka kuliko "Soon-ae ameingia katika mwili wa Bong-sun", na inakuokolea herufi 15 ukihesabu na nafasi. Hadhari moja: mizuka hapa si pepo, basi chukueni kitenzi "panda", nomino "pepo" iacheni.

Cheonyeo gwisin nalo lina mtego. Cheonyeo ni msichana asiyeolewa, na ni bikira pia. Kwa Oh My Ghost andikeni "mzuka bikira", kwa kuwa vichekesho vyote vinaning'inia hapo. Kwenye hadithi za kale, kama ile ya Arang, "aliyekufa hajaolewa" ndiyo sahihi. Ndiyo maana nywele zao zimeachwa wazi: kufunga kishungi na kukichoma kijiti kulikuwa kwa walioolewa.

Mkata Fremu
Upande wa mafaili. Mistari isizidi 2, kila mmoja herufi 42, na mtazamaji apewe sekunde 1 kwa kila herufi 17 hivi. Manukuu yasikae zaidi ya sekunde 7. Kikorea kinabana, Kiswahili kinarefuka kwa viambishi, kwa hiyo msitafsiri neno kwa neno. "Niwie radhi, Shefu. Nitaosha upya." ina herufi 34, yaani sekunde 2 kamili. Ikizidi, kata salamu na viunganishi, kitenzi kibaki.

Hifadhini .srt (faili la manukuu) kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Msipofanya hivyo, ile alama ya juu ya "ng'" ikiwa ya mkunjo inageuka takataka kwenye televisheni.

Maandishi yakipishana na sauti, pimeni mstari wa kwanza na wa mwisho. Pengo likiwa sawa, sogezeni faili zima. Likikua taratibu, tatizo ni fremu: faili la fremu 25 kwa sekunde juu ya video ya 23.976 linawahi kwa karibu dakika 2 na nusu kila saa 1. Programu ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadili kiwango cha fremu, inamaliza kazi mara moja. Pengo likiruka ghafla katikati, kuna kipande cha video kimekatwa. Sogezeni kuanzia pale tu.

Fundi wa Maneno
Binti Pwani, "kiti" nimeichukua, ahsante sana. Sasa la mwisho na ndilo gumu: mwigizaji ni mmoja, Park Bo-young, nafsi ni mbili. Kikorea kinazitenganisha kwa daraja la heshima. Bong-sun anaomba radhi kila sentensi na kumalizia kwa adabu. Soon-ae akiwa ndani yake anadeka na kuteleza kwenye lugha ya marafiki. Sisi hatuna miisho hiyo, lakini tuna njia. Mpeni Bong-sun "naomba", "niwie radhi", "Shefu" mwishoni mwa sentensi. Soon-ae mpeni "we Shefu", "njoo basi", "jamani". Andikeni orodha mbili za maneno kabla ya kuanza kipande cha 1 na msichanganye hata mara moja, kwa sababu baadaye Bong-sun mwenyewe anapoanza kujiamini, mtazamaji lazima aone kwamba ujasiri ni wake.

Ule wimbo wa Soon-ae wa kumbembeleza Kang Sun-woo, yaani Shefu mwenyewe, "han beonman", uwe "mara moja tu" kila unaporudi. Msiubadilishe kwa ajili ya ladha.

Binti Pwani
Na kwa wanaoingiza sauti: Joo Joong-won wa Master's Sun anafukuza watu kwa kupunga mkono, "kkeojyeo", silabi 2. "Ondoka" linamaliza baada ya mkono kushuka. Semeni "Toka!"