Tupeane uzoefu: waliofichwa na wanakijiji wakati wa vita

MleziLyon
Wadau, nalea wazee huku Ufaransa. Bibi ninayemhudumia ni Myahudi. Jana namenya viazi, akaokota ganda moja: "Haya tuliyala Chambon." Nikaweka kisu chini.

Mwaka 1942, Wanazi wa Ujerumani wakiwasaka Wayahudi, bibi akiwa na miaka 7, yeye na wazazi wake walipokelewa na wakulima wa Le Chambon-sur-Lignon, kule milimani. Mwenye nyumba hakuwauliza hata majina. Usiku mmoja mbwa wakabweka. Wakatolewa kwa mlango wa zizi hadi msituni, theluji magotini. Mama yake alimziba mdomo kwa nguvu mpaka kucha zikamchana shavu. Kovu lipo, ndilo ninalolipaka mafuta kila asubuhi. Kulipokucha wakasikia wanakijiji wanapita msituni wakiimba. Ndiyo ishara kwamba askari wameshaondoka.

Kijiwe_Tanga
Hilo ganda limenimaliza.

Mzee wa Hoja
Polisi wa Ufaransa hao hao waliwakamata Wayahudi karibu 13,000 Paris, Julai 1942. Usiwasafishe.

MleziLyon
Nimesema wakulima, kaka. Ni Waprotestanti, babu zao waliwindwa na wafalme kwa ajili ya dini. Mchungaji wao, André Trocmé, aliwekwa kambini 1943. Daniel, ndugu yake wa ukoo, alikamatwa pamoja na wanafunzi aliokuwa akiwalea, akafia Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland.

Biryogo94
Sikutaka kuandika. 1994, Kigali, nilifichwa darini kwa jirani yetu Mwislamu. Interahamwe, wale wanamgambo waliokuwa wakiua Watutsi, wakaingia wakaomba maji. Yule mama akawapa, akakaa chini yangu kabisa anachambua maharage. Mkojo ukanitoka, ukadondokea kwenye ungo. Akafuta kwa kanga, akaendelea kuchambua. Mpaka leo nikisikia maharage yanagonga ungo natoka nje.

Kijiwe_Tanga
Ya Rabi. Yuko hai?

Biryogo94
Alishafariki. Mwanawe wa mwisho nimemsomesha mimi.

Mzee wa Hoja
Pole sana ndugu yangu. Mlezi, mrekodi huyo bibi leo leo.

Mama Wawili
Asimrekodi! Mama yangu alihojiwa na watafiti, wiki nzima hakulala.

Kijiwe_Tanga
Mpikie viazi vya nazi, atasema mwenyewe.

MleziLyon
Sijarekodi. Nimemuuliza tu waliimba nini. Akaanza, maneno yakamwishia katikati, akamalizia kwa mluzi.