Naomba ushauri: Je, msongo wa mawazo umezichosha tezi zangu?

Muuza Kanga, Ngamiani:
Asalaam aleikum, ndugu zangu wa Tanga. Mwaka wa pili sasa, tangu duka langu liyumbe na marejesho ya mkopo kuniandama kila Jumatatu, huamka saa nane za usiku moyo ukienda mbio, na mwezi huu uchovu umezidi hata kufungua mlango wa duka ni kazi. Muuzaji wa virutubisho amenieleza kuwa tezi zangu za adrenali "zimechoka", na anataka shilingi 90,000 kwa chupa ya kuziamsha. Je, ni kweli?

Mkunga Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Tezi hizo ni mbili, zimekaa juu ya figo mithili ya kofia, na hutoa kotisoli, homoni ya kuukabili msongo, kwa amri inayotoka kwenye ubongo. Kwa kawaida kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku wa manane. Msongo usiokwisha huvuruga mpangilio huo, ukafukuza usingizi na kupandisha shinikizo la damu na sukari, lakini haukaushi tezi. Huo "uchovu wa adrenali" mabingwa wa homoni hawautambui kuwa ugonjwa. Hizo elfu tisini zipeleke kwenye marejesho.

Bwana Mkonge:
Naongezea kwamba tezi kushindwa kazi kupo, nao ni ugonjwa alioueleza Thomas Addison mwaka 1855. Kifua kikuu ni miongoni mwa visababishi vyake. Mgonjwa hukonda, hutamani chumvi, na fizi zake huwa nyeusi. Je, umewahi kutumia prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, au dawa za jamii yake?

Muuza Kanga, Ngamiani:
Goti liliponisumbua nilinunua vidonge vidogo kwenye duka la dawa, nikavimeza miezi minne, uso ukanenepa, nikaviacha mwezi uliopita. Pakiti imo kwenye droo ya pesa. Nimeitazama sasa hivi: imeandikwa deksamethasoni.

Mkunga Mstaafu:
Hapo pana neno, mwanangu. Dawa hiyo ni ya jamii ya prednisoloni; ikitumika muda mrefu, tezi huacha kutengeneza kotisoli yake, na ukiikatisha ghafla huchukua wiki au miezi kurejea kazini. Kesho mapema nenda hospitali ya Bombo na pakiti hiyo mkononi, kwa kuwa kotisoli hupimwa asubuhi. Ukianza kutapika au kuzimia usiku, usingoje kuche. Wala usijinunulie vidonge vingine.

Muuza Kanga, Ngamiani:
Nimeelewa, mama. Kesho duka halifunguliwi.