Wakuu, hawa wanaojiuza usiku Dodoma: polisi kwanza au zahanati kwanza?

Wakuu, juzi kijiweni tulibishana mpaka abiria wakaondoka. Mwenzetu anasema hawa waliozaliwa wanaume, wanaishi kama wanawake na kujiuza, wasombwe wote. Kuwagawia kondomu ni kupalilia uchafu. Mimi napinga.

Naendesha boda usiku. Mmoja wao ni abiria wangu, namtoa Chang'ombe kumleta mjini. Kila safari lazima nisimame dukani anunue kichupa cha pombe kali, na hatujafika anakokwenda ameshakimaliza. "Kaka, nikiwa mkavu siwezi kushuka hapa." Anaogopa mteja atakayemgeuka, anaogopa defenda ya polisi. Sasa mtu kalewa hivyo, mteja anampa elfu thelathini waende peku badala ya elfu kumi kwa kondomu, atabishana?

Halafu hiyo hoja ya kupalilia tulishaijaribu. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku vilainishi, yale majimaji ya kutumia pamoja na kondomu. Kuna aliyeacha? Walihamia mafuta ya mgando, na mafuta hayo yanaulegeza mpira wa kondomu mpaka inapasuka. Mwaka 2017 vituo binafsi 40 vikazuiwa kutoa huduma za VVU kwa makundi haya.

Abiria wangu kondomu ilimpasukia Ijumaa. Dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72. Yeye alikwenda zahanati Jumatano, maana safari iliyotangulia mhudumu aliita wenzake waje kumtazama. Nilimsubiri nje. Alitoka mikono mitupu, akaniambia twende dukani.

Mtaniambia hapa Dodoma, Itega, kuna methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini. Ipo, na wa heroini inawasaidia sana. Ila pombe haitibiwi kwa methadoni, na pombe ndiyo iko kila kona (viroba, pombe ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku 2017, tukahamia chupa ndogo, basi).

Sheria naijua, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kuingiliana kinyume cha maumbile, miaka 30 hadi maisha. Sijaja kubishana na mahakama. Nasema zahanati isigeuke kituo cha polisi, na yule mhudumu afunge mlango anapomhudumia mtu.

Na wateja wao mbona hamuwataji? Nawaona mimi, wana magari na pete za ndoa. Mnaosema wasombwe, nijibuni hili: yule bwana akirudi kwake alfajiri, defenda inamkinga vipi mkewe?