Tupeane uzoefu: mbinu za kununua na kuuza kwenye minada ya mtandaoni

Msafirishaji Dar

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki kuna mtu anauliza namna ya kuagiza gari Japani na majibu ni yaleyale: tafuta kampuni, chagua gari, lipa. Wachache wanasema kwamba mengi ya magari hayo yamepita mnadani kwanza, na kwamba mtu wa Dar, Mombasa au Kampala anaweza kumtuma wakala amnunulie hukohuko, kabla gari halijawekwa kwenye tovuti na kuongezewa faida. Naomba hapa tuongelee minada yenyewe. Si magari tu, chochote ulichonunua au kuuza kwa kushindana dau mtandaoni. Tusaidiane kwa mambo tuliyoyafanya.

Naanza mimi, maana ndiyo kazi yangu. Mbinu yangu ni kuanzia mwisho. Mteja akija na pesa yake ya Toyota IST, kabla sijafungua orodha ya mnada naingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, naweka modeli, mwaka na ukubwa wa injini, napata kodi. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa 2002 hadi 2007, kwa hiyo zote zimeangukia kwenye ushuru wa uchakavu, ule wa magari yenye umri mkubwa, na ushuru huo unauma. Natoa kodi. Natoa meli na bima, gharama za bandarini, wakala wa forodha, usajili, ada ya mnada, ada ya wakala wa Japani, na usafiri wa gari kutoka uwanja wa mnada mpaka bandari ya kupakilia. Kinachobaki ndicho dau la juu kabisa. Namwandikia mteja WhatsApp, anakubali kwa maandishi, na siku ya mnada halibadiliki.

Nasisitiza hilo kwa sababu mnadani hakuna muda wa kutafakari. Uwanja wa USS Tokyo, ambao mnada wake wa magari ni kila Alhamisi, unapitisha maelfu ya magari kwa siku, njia nyingi kwa wakati mmoja, na gari moja linaamuliwa kwa sekunde chache. Bei ya chini anayoikubali muuzaji ikishafikiwa, taa kwenye skrini inabadilika. Hapo gari litauzwa tu, na watu wanabonyeza mfululizo. Wanaoingia ni wanachama wenye leseni ya kuuza vitu vilivyotumika, wewe huku unamtegemea wakala. Ukimwachia maneno kama "ongeza kidogo ukiona linapatikana", umeshapoteza hesabu yako yote.

Jambo lingine ambalo wengi hawalioni: kupata gari kwa bei ya chini mnadani hakukupunguzii kodi. TRA wana thamani yao kwenye mfumo kwa modeli na mwaka ule. IST iliyochoka na IST nzima, zikiwa za mwaka uleule wa kutengenezwa, zinalipiwa kodi ileile. Ndiyo maana mteja akinibana nimtafutie la bei ya chini kabisa, namsihi tuongeze pale kwenye dau tupate la daraja zuri zaidi, yaani alama ya ubora anayoipa mkaguzi wa mnada.

Na daraja lisome pamoja na mchoro wa gari ulio kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada. Kuna karatasi iliwahi kunifikia, daraja 4, ndani ya gari B. Safi kwa macho. Kwenye mchoro, fenda ya mbele kulia ina W2, maana yake pamenyooshwa na alama inaonekana. Bampa la nyuma A2, mkwaruzo wa kawaida. Lakini pembeni mkaguzi alikuwa ameandika kwa mkono mstari mmoja wa Kijapani ambao wakala hakuutafsiri. Nikamwomba ausome: kutu upande wa chini. Gari lilikuwa limetumika Hokkaido, kwenye theluji, na barabara kule zinamwagiwa chumvi. Tuliliacha. Mistari ile ya mkono iombeni yote, hata kama wakala anaona ni usumbufu.

Mwamba wa Nyali

Shukran kwa kuanzisha hii. Huku Kenya hesabu inabadilika kidogo. KRA, mamlaka yetu ya mapato, nao wana bei yao ya kuanzia, ile CRSP, yaani bei ya rejareja ya gari likiwa jipya, halafu wanapunguza kulingana na umri wa gari. Na gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa, kwa hivyo mwaka wa usajili wa kwanza ndio kitu cha kwanza mimi huangalia, hata kabla ya bei.

Yangu ni kuhusu karatasi. Wakala mmoja, simtaji, alinitumia ripoti iliyotafsiriwa vizuri kabisa, imechapwa, daraja 4. Nikamwambia nataka ile ya Kijapani yenyewe. Akazungusha siku kadhaa. Nikalipia ukaguzi wa rekodi za mnada kwa namba ya chasisi, ikatoka R, gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. R si lazima liwe gari baya, wapo wanaolinunua wakijua na linawafaa. Lakini bei niliyotajiwa ilikuwa ya gari zima. Nilikuwa sijatuma pesa. Tangu hapo, bila karatasi ya asili sitoi hata senti.

Kamera Kuukuu

Mimi niko Leicester, Uingereza. Nanunua na kuuza kamera za filamu na lenzi kuukuu kwenye tovuti ya minada ya eBay. Nitasema pande zote mbili.

Kununua: watu wengi hawaelewi mfumo unavyofanya kazi, halafu wanalalamika. Ukiweka kiwango chako cha juu pauni 60, bei haipandi hapo hapo hadi 60. Mfumo unakupandishia kidogokidogo, kiasi cha kumzidi aliye nyuma yako. Kama mwenzako kikomo chake ni 41, unachukua kwa 42. Kwa hiyo weka ile bei ambayo kwako ni haki, mara moja, na uiweke sekunde za mwisho. Kwa nini mwisho? Kwa sababu wapo wanaoongeza kila wakiona wamepitwa, na hilo halina uhusiano na thamani ya kitu. Ukiweka dau siku tatu kabla, umewapa siku tatu za kukushindania. Mimi pia naongeza visenti: naandika 61.37, maana wengi wanaishia kwenye 60 kamili.

Kuuza: angalia bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, siyo bei zinazoombwa. Lenzi inayotafutwa na wengi naianzisha senti 99 na sina hofu, wanunuzi watapambana wenyewe. Kitu kinachotakiwa na watu wawili watatu nchi nzima sikianzishi chini hata siku moja, naweka bei ninayoweza kuishi nayo. Mnada wangu unaisha Jumapili jioni, watu wako nyumbani.

Halafu picha. Lenzi naimulika kwa tochi kutoka nyuma na kupiga picha, ili ukungu uonekane kama upo, zile nyuzi nyeupe zinazotambaa kwenye kioo kuanzia ukingoni. Kama upo nauonyesha na kuuandika mstari wa kwanza. Nauza bei pungufu, lakini mzigo haurudi, na mnunuzi huyohuyo anarudi kununua kingine.

Na tafadhali, usimwombe rafiki akupandishie dau ili bei ipae. eBay inakataza, na hapa Uingereza ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo, unamwibia mtu aliyekuamini.

Mgeni Nagoya

Ndugu wa Leicester yuko sahihi kwa eBay, ila mbinu ya sekunde za mwisho isibebwe kila mahali. Huku Japani kwenye Yahoo Auctions, muuzaji akiwa ameruhusu nyongeza ya muda, dau likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho mnada unasogezwa dakika 5 mbele. Kuvizia hakuna faida. Nimeona seti ya spana ikiendelea hivyo mpaka usiku wa manane.

Hili limefanyiwa utafiti. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilinganisha eBay na minada iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon, ambayo nayo iliongeza muda dau likichelewa. Kazi yao ilitoka 2002, na walikuta kuvizia dakika za mwisho kumeshamiri zaidi eBay. Kwa hiyo soma kanuni ya kufunga kwanza. Kwenye minada ya kuongezewa muda, mimi naweka kikomo changu mapema, nazima simu, nalala.

Mto Ruzizi

Jambo wandugu. Mimi ni wa Bukavu, naishi Texas, nanunua magari yaliyopata ajali kwenye mnada wa Copart. Yana usukani wa kushoto, kwa hiyo ndugu wa Tanzania na Kenya hayawafai, ila Burundi, Rwanda na kwetu Kongo tunaendesha upande wa kulia.

Pale kuna alama ya kusema gari linawaka na linatembea. Maana yake ni kwamba siku lilipofika uwanjani liliwaka na likasogea. Haisemi litafika barabara kuu. Mimi natuma mtu alitazame, afungue zulia chini ya kiti cha dereva, aguse kama kuna tope kavu, kwa sababu magari yaliyokumbwa na mafuriko yanasafishwa vizuri juu. Na ada za mnunuzi zinapanda na bei. Ukichelewa kuliondoa, kila siku ya kuegesha unalipa. Mpangie mtu wa kulibeba kabla hujaweka dau.

Mama Duka

Nawafuatilia kwa makini. Nataka gari la Toyota Noah la biashara. Wakala ananiambia nisubiri mwezi wa tatu ndio bei zinashuka Japani. Ni kweli?

Msafirishaji Dar

Mama Duka, kuna ukweli nusu. Kodi ya mwaka ya gari kule inamwangukia aliye mmiliki tarehe 1 Aprili, kwa hiyo watu wengi wanaachana na magari yao Machi na mnadani yanakuwa mengi. Uchaguzi unakuwa mpana. Bei kushuka sikuahidi, maana wanunuzi nao wanakuwa wengi. Kumbuka pia minada inasimama mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti na mwaka mpya, usije ukapanga safari ya mzigo hapo.

Kama una haraka, mwambie wakala akuangalizie yale yaliyokosa kufikia bei ya muuzaji. Baada ya mnada hufanyika mazungumzo, na hapo hakuna kukimbizana na sekunde. Piga kwanza hesabu ya kodi kwa mwaka unaoutaka, halafu ukipata karatasi iweke hapa tuisome pamoja. Namba ya chasisi ifiche.