Bloku za mafuta: uchunguzi unafanywa mbele ya mnada ao nyuma?

Mama Tilapia, Goma: Bandugu, nauza samaki wa Vitshumbi, kule Ziwa Edward, hapa soko la Virunga. Mwaka 2022 serikali ya Kongo ilipiga mnada bloku, ni kusema vipande vya kutafuta: 27 za mafuta na 3 za gesi ya Ziwa Kivu, zingine ndani ya parki kabisa. Sheria inataka wachunguze madhara mbele ya kuuza, ao nyuma? Maana mnunuzi akishalipa, nani atamwambia arudi?

Jirani wa Katindo: Shikamoo mama. Sheria 11/009 ya 2011, ile ya mazingira, inadai uchunguzi wa athari mbele ya mradi, na wananchi waulizwe. Faili inasomwa na ACE, idara ya mazingira. Na si mradi tu: sheria hiyo inataka hata mpango wa serikali upimwe mbele, kama unaweza kuharibu mazingira sana. 

Muzee wa Kyeshero: Soco, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ilikubali 2014 kuacha kutafuta mafuta ndani ya parki ya Virunga, na si faili iliyowasimamisha, ni makelele ya watu. Ule mnada wa bloku 27 ulifutwa Oktoba 2024. Mwaka 2025 serikali ikarudi na bloku 52!

Mama Tilapia: Basi wakija kuuliza, wasitubandikie Kifaransa cha kurasa mia kwenye ukuta wa ofisi. Waje mwaloni asubuhi pirogi zikirudi, wavuvi wangali wanatoa samaki kwenye nyavu, waseme Kiswahili: bomba litapita wapi, mafuta yakimwagika nani analipa nyavu.