Mrejesho: friji inayogandisha juu, chini vuguvugu

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu friji yangu: friza inagandisha, lakini chini maziwa yanachacha, na fundi alitaka kuongeza gesi.

Nilifuata ushauri wa kupima kwanza. Kipimajoto nilikitumbukiza kwenye glasi ya maji, nikaiacha chini usiku kucha, maana hewa hubadilika mara tu ukifungua mlango. Asubuhi: chini nyuzi 13, friza -17. Hapo gesi nikaacha kuishuku. Baridi ilikuwepo, ila haishuki.

Nikazima friji siku nzima, mlango wazi, barafu yote ikayeyuka. Nilipowasha, chini kukashuka hadi 4. Nilifurahi mno! Nikaendelea kupima kila asubuhi: 4, 5, 7, hadi 11 siku ya tisa. Kupanda huko polepole ndiko kulikonionyesha kwamba barafu inajijenga upya. Tulipofungua kifuniko cha ndani ya friza tukakuta koili (mabomba yanayotoa baridi) imefunikwa na barafu, njia ya hewa ya feni imeziba. Hita ya kuyeyushia barafu hiyo, tulipoipima kwa kifaa cha kupimia umeme, ilikuwa imekatika.

Imebadilishwa. Leo wiki ya tatu, chini ni nyuzi 3 hadi 4. Mliosisitiza nipime kwanza, asanteni sana.